Neno Jipya Lipige Hodi

Wanangu wa Namtumbo, na nyinyi mnaosoma haya mkiwa Songea, Mbinga, Tunduru au kokote mliko, leo nina habari ya lugha iliyotungwa na mtu mmoja, ikazunguka dunia, kisha ikafika hapa hapa Tanzania. Tarehe 3 hadi 10 Agosti 2024, Arusha ilikuwa mwenyeji wa Kongamano la 109 la Dunia la Kiesperanto. Makongamano hayo yalianza mwaka 1905 huko Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, na kabla ya Arusha hakuna hata moja lililowahi kufanyika Afrika. Wageni wakaja, wakaketi pamoja na wenyeji, wakasemezana kwa lugha ambayo wengi wao walijifunza ukubwani.

Nina swali moja nataka tulichambue pamoja. Mtu anayejifunza lugha ya kutungwa, je, ana ruhusa ya kuiongezea maneno yake mwenyewe?

Kuna atakayejibu haraka: lugha yenyewe imetungwa, basi na mimi nitunge, kuna ubaya gani? Na kuna atakayekunja uso: wewe ni mwanafunzi, umejifunza juzi, nani kakupa mamlaka hayo? Kila mmoja ana lake la kweli, lakini hamwezi kuamua nani yuko sahihi mpaka mjue lugha hiyo ilizaliwaje. Nisikilizeni.

Alikuwepo mtoto aliyeitwa Ludwik Lejzer Zamenhof. Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1859 katika mji wa Białystok, ambao leo uko Poland. Zama zile ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Mji ule ulikuwa na Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani, kila watu na lugha yao, na hawakupendana. Mtoto yule aliumizwa sana na mambo aliyoyaona mitaani. Akajiambia kwamba watu hawa wangepata lugha moja ya pembeni, isiyo ya kabila lolote kati yao, huenda wangeacha kuogopana. Akaanza kuitunga akiwa bado shuleni.

Tatizo lililomkwamisha ni maneno. Alitazama kamusi za lugha kubwa za Ulaya, nene kama nini, akaona hakuna mtu mzima mwenye kazi zake atakayehifadhi yote yale. Siku moja, akiwa mwanafunzi mjini Warszawa, akapita mtaani na kusoma kibao cha Kirusi ambacho alishakipita mara nyingi: Shveitsarskaya, yaani chumba cha bawabu. Kisha akaona kibao kingine: Konditorskaya, duka la keki na peremende. Vibao viwili, mahali pawili, lakini mkia wa maneno ni ule ule, -skaya. Zamenhof mwenyewe alisimulia baadaye kwamba pale ndipo alipopata mwanga. Kumbe mkia mmoja ukishaujua, unaweza kuupachika kwenye maneno mengine mengi, na kila unapoupachika umepata neno bila kulihifadhi!

Tarehe 26 Julai 1887, akiwa daktari kijana wa macho, alitoa kitabu chake kidogo mjini Warszawa. Hakutia jina lake. Alijiita Doktoro Esperanto, maana yake Daktari Anayetumaini, na watu wakaipa lugha yenyewe jina hilo. Ndani mlikuwa na kanuni 16 za sarufi na mizizi ya maneno kama 900 hivi. Basi. Lugha nzima ilikuwa mkononi mwako, nyepesi kuliko daftari la hesabu.

Lugha yenye mizizi 900 itasemaje mambo ya dunia nzima? Hapa ndipo mambo yanaponoga, kwa hiyo twende polepole.

Chukueni neno sana, maana yake mwenye afya. Mbele yake wekeni mal-, ambayo hugeuza maana kuwa kinyume chake: malsana, mgonjwa. Ongezeni -ul-, ya mtu mwenye hali fulani: malsanulo, mtu mgonjwa. Sasa ongezeni -ej-, ya mahali: malsanulejo, mahali pa wagonjwa. Hospitali hiyo! Zamenhof hakuhitaji mzizi mwingine. Kwa mtindo huo huo, lerni ni kujifunza, na lernejo ni shule. Kuiri ni kupika, kuirejo ni jikoni, kuiristo ni mpishi. Arbo ni mti, arbaro ni msitu. Mtoto aliyejua mti, na akajua kwamba -ar- ni kundi, ameupata msitu hata kabla mwalimu hajaufundisha.

Sisi Waswahili hatupaswi kushangaa. Piga, mpigaji, pigana, kipigo, mapigano. Mzizi mmoja, na watoto wameenea. Ndiyo maana naamini mtoto wa Tanzania anauelewa moyo wa Kiesperanto upesi, kwa kuwa amezaliwa ndani ya lugha inayopachika vipande mbele na nyuma ya mzizi.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, ishikeni. Mdogo wako wa miaka minne akisema "mwibaji", amefuata kanuni barabara: anayecheza ni mchezaji, anayesoma ni msomaji, basi anayeiba ni mwibaji. Hata hivyo utamsahihisha umwambie, "Si mwibaji, ni mwizi." Mazoea yametangulia, yameifunga ile njia ya kanuni. Katika Kiesperanto njia ile haijafungwa. Kuiba ni ŝteli, na mwizi ni ŝtelisto, na aliyelipata neno hilo kwa kuunganisha vipande hatasahihishwa na yeyote. Kutunga kwa namna hiyo si ukaidi wa mwanafunzi. Ndiyo sarufi yenyewe. Mwanafunzi anayengoja kufundishwa kila neno lililounganishwa ataumia bure, maana lugha ilitengenezwa ili asingoje.

Nanyi mna lugha yenu mliyoitunga. Mnapozungumza kinyume, mkichukua silabi ya mwisho na kuitanguliza ili wakubwa wasielewe, paka anakuwa kapa, jiko linakuwa koji, na kuku anabaki kuku. Mwenzako akisema neno ambalo hujawahi kulisikia kwa kinyume, unalielewa papo hapo kwa sababu unaijua kanuni. Akijibunia neno lake mwenyewe lisilo na kanuni, mchezo unasimama, na wote mnamtazama. Hiyo ndiyo mipaka miwili ninayotaka muione: kuna neno linalotokana na kanuni mnayoijua wote, na kuna neno linalotoka kichwani mwa mtu mmoja.

Sasa niwape kisa cha lugha iliyokufa kabla haijazeeka.

Kabla ya Kiesperanto palikuwa na Volapük. Aliitunga padri Mkatoliki wa Ujerumani, Johann Martin Schleyer, kati ya mwaka 1879 na 1880. Ilipendwa sana. Vilabu vikafunguliwa nchi nyingi za Ulaya, magazeti yakachapishwa, na mwaka 1889 wakafanya mkutano mkubwa Paris ambao uliendeshwa kwa Volapük yenyewe. Ilikuwapo akademia ya lugha hiyo, na mkuu wake alikuwa mwalimu aliyeitwa Auguste Kerckhoffs. Wanafunzi waliona maneno mengine yanatatiza, wakataka kurahisisha hapa na kuongeza pale. Padri Schleyer akakataa. Alishika kwamba lugha ni yake, na neno la mwisho ni lake. Wenzake nao hawakukubali, na wao kwa wao wakagawanyika, kila mmoja na marekebisho yake. Miaka michache baadaye vilabu vikafungwa kimoja baada ya kingine. Klabu ya Nürnberg ilikuwa imetangulia kuiacha Volapük na kuhamia Kiesperanto.

Angalieni vizuri nani aliiua. Mtunzi aliyewafungia watu mlango ana lawama yake. Na wale waliotaka kila mmoja aitengeneze upya kwa namna yake wana lawama yao. Pande zote mbili zilisahau kwamba lugha inaishi pale watu wawili wanapoelewana.

Zamenhof alifanya jambo ambalo ni wachache wangelifanya. Tangu kitabu kile cha kwanza alitangaza kwamba haki ya umiliki ameiacha, na lugha ni mali ya wote watakaoitumia. Mwaka 1894 alipeleka kwa wasomaji wa gazeti lao mapendekezo ya kuibadilisha lugha. Yeye mwenyewe, mtunzi! Wakapiga kura, na wengi wakakataa: waliotangulia kujifunza walitaka kubaki na lugha waliyoijua. Naye akatii. Mimi hupenda sana sehemu hii ya hadithi. Wanafunzi walimshinda mwalimu, na lugha ikapona.

Mwaka 1905, kule Boulogne-sur-Mer, wakakubaliana juu ya kitabu cha msingi, Fundamento de Esperanto, ambacho hakuna mtu atakayekigusa, hata mtunzi. Ndani ya tamko lililopitishwa na kongamano lile limo jibu la swali letu. Zamenhof aliandika humo kwamba wazo lolote lisiloelezeka vizuri kwa maneno yaliyomo katika kitabu kile, kila mzungumzaji ana haki ya kulieleza kwa namna anayoona inafaa zaidi, kama ifanyikavyo katika lugha nyingine zote. Akashauri pia waige mtindo wa maandishi ya mtunzi, ili lugha isigawanyike. Someni sharti lililotangulia haki ile: lisiloelezeka vizuri kwa yaliyomo. Kwanza jaribu vilivyomo. Ukishindwa, hapo una haki.

Hawakusikia wote. Mwaka 1907 wengine walijitenga na lugha yao waliyoirekebisha, wakaiita Ido. Ipo mpaka leo, ila wasemaji wake ni wachache kuliko wa Kiesperanto.

Wale waliobaki wakaendelea kutunga, na vijana ndio waliokuwa mbele. Walitaka neno la kusema jambo ni poa, la kisasa, la ujana. Wakachukua maneno matatu, moderna, juna na stila, yaani ya kisasa, ya kijana, yenye mtindo, wakatamka majina ya herufi za mwanzo, mo, jo, so, likapatikana mojosa. Linasemwa mpaka leo. Wakahitaji pia neno la kumkanya mwenzao anayekuja kwenye mkutano wa Kiesperanto kisha anakaa pembeni akipiga soga kwa lugha ya kwao. Mamba ni krokodilo. Wakamgeuza mamba kuwa kitenzi: krokodili. Mzizi ulikuwepo, hakuna aliyeongeza kitu, na watu huelewa huku wakicheka.

Ilipokuja kompyuta, mabishano yakazuka. Wengine walitaka komputero, wengine komputoro, kwa kufuata lugha za Ulaya. Likashinda komputilo, kwa kuwa -il- ni kifaa, na kila mwanafunzi alikuwa anaijua. Simu ya mkononi wanaiita poŝtelefono, simu ya mfukoni. Sisi tumeiweka mkononi, wao wameiweka mfukoni, na wote tumetumia maneno tuliyokuwa nayo.

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Kiswahili mnachoandikia mtihani nacho kilikaliwa kikao. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha tahajia, vitabu na kamusi. Baada ya uhuru, mwaka 1967, tukaunda BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa. Wataalamu wetu wametunga maneno mengi, mengine yamekaa, mengine yamekataa kukaa. Tarakilishi limetungwa kwa ufundi mkubwa, na Wakenya wengi wanalitumia, lakini nenda stendi ya Namtumbo uulize wapi wanachapa barua: utaambiwa kuna kijana ana kompyuta. Na pikipiki inayokutoa barabara kuu kukupeleka kijijini inaitwa bodaboda. Neno hilo halikupitia kamati yoyote. Lilianzia mpakani Busia, Kenya na Uganda, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria, likasafiri hadi Ruvuma.

Yapo pia maneno yaliyotoka katika lugha zetu za makabila yakaja kusaidia yalipohitajika. Mwalimu Nyerere alipoamua kuacha urais mwaka 1985, hakusema anajiuzulu wala anastaafu. Alisema anang'atuka, neno la Kizanaki, lugha ya kwao. Taifa zima likalielewa kwa sababu lilikuja na tendo lake: watu waliona kwa macho mtu akiachia madaraka kwa hiari.

Na hapa kwetu tuna kisa kikubwa kuliko hivyo vyote. Wangoni walipotoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, walikuwa na lugha ya jamii ya Kizulu. Baadaye wakaitawala nchi hii ya Ungoni, nao Wandendeule wakawa miongoni mwa raia na mateka wao. Askari wale wa awali walikuwa wachache. Waliooa, walioa huku. Waliowalea watoto ni akina mama wa huku. Raia wakajifunza lugha ya watawala, wakaijaza maneno yao na matamshi yao, mpaka Kingoni cha Songea leo wataalamu wa lugha wanakiweka pamoja na Kimatengo, Kimpoto na Kimanda. Mabaki ya lugha ya zamani ni machache, kama nkosi, yaani chifu, na nduna, yaani msaidizi wake. Ndiyo hiyo nduna mnayoisikia katika jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa sababu ya vita ya Majimaji. Waliokuwa wanafunzi wa lugha ile ndio walioishika mwishowe. Msimdharau mwanafunzi.

Lakini Kingoni kilikuwa na kijiji, koo na mashamba ya kukishika. Neno jipya likizaliwa asubuhi, jioni limeshasikika kila nyumba, na lisilofaa limeachwa. Mtu wa Kiesperanto yuko Namtumbo, mwenzake yuko Brazil, mwingine Japani. Hawana kisima kimoja wala soko moja. Kinachowaunganisha ni ile mizizi na zile kanuni 16 tu. Ndiyo maana kwao neno geni ni mgeni anayetakiwa kupiga hodi: aseme yeye ni nani, ametoka wapi, angoje kukaribishwa.

Tuseme yuko msichana wa kidato cha pili hapa mjini, ameanza kujifunza, anamwandikia rafiki yake wa Japani. Anataka kumweleza chakula cha jioni. Anakuja kwangu: "Shikamoo babu. Ugali nauitaje kwa Kiesperanto?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe una vipande gani?"

"Nina maizo, mahindi. Nina kaĉo, uji au kitu kilichosongwa laini. Nikiunganisha ni maizkaĉo."

"Mwenzako atauelewa?"

"Atadhani nakunywa uji."

"Na ule wa muhogo?"

Hapo ananyamaza, kwa sababu Tunduru kwa shangazi yake ugali ni wa muhogo, na muhogo haumo katika maizkaĉo. Sasa msichana huyu ameshajaribu vilivyomo, na vimemshinda kwa sababu anayoweza kuitaja. Ana haki. Achukue ugali, aupe -o ya mwisho wa kila nomina, uwe ugalio, kama vile safari ilivyoingia kwao ikawa safario. Mara ya kwanza anapoliandika aweke maelezo mafupi kando: kaĉo nzito ya unga wa mahindi au muhogo, inaliwa kwa mkono pamoja na mboga. Rafiki yake akijibu kwa kulitumia neno lile mwenyewe, limekaribishwa. Asipolitumia, asinune, wala asimlazimishe.

Angekuja kuniomba neno jipya la shule, ningemkatalia. Lernejo lipo. Angetaka la kwake la hospitali kwa sababu malsanulejo ni refu, ningemwambia wengine husema hospitalo, achague, lakini la tatu halihitajiki. Mimi sikubaliani kabisa na anayetunga neno ili aonekane bingwa. Humpa mzigo mwanafunzi atakayekuja nyuma yake, na wanaofuata ni wengi kuliko waliotangulia.

Kwa hiyo, wanangu, mkianza kujifunza lugha hii, tungeni kwa vipande tangu somo la kwanza, bila woga. Mizizi mipya ileteni kwa vitu ambavyo mtu wa Japani hawezi kuvitunga kwa sababu hajaviona. Anzeni na lizombe. Iiteni lizombo kama mtapenda, lakini elezeni kwanza ngoma hiyo inachezwaje, nani anacheza, na siku gani. Ulizeni wazee majina ya miti ya msitu wa huku kwetu, andikeni matumizi ya kila mmoja, kisha mwandikieni mtu wa mbali. Akiuliza, mjibuni.